Kidole Kimekataa: Kwa Nini Mashine Hushindwa Kusoma Mikono ya Kazi

Tabaka, kule Kisii, kinyago cha jiwe la sabuni hakikamiliki mpaka kipite kwa akina mama wa msasa. Mchongaji akishamaliza na patasi na kisu chake, kipande huingia kwenye karai la maji na mama hukisugua, kwanza kwa msasa wa chembe kubwa, kisha kwa ule laini, mpaka jiwe liteleze na rangi yake itoke. Msasa hauchagui. Unapolainisha jiwe, unalainisha pia ncha za vidole vilivyoushika, vikiwa vimelowa, huku unga wa jiwe ukijaza kila mkunjo wa ngozi. Mikono hiyo hiyo ndiyo itakayowekwa juu ya kioo cha mashine siku ya kutoa pesa kwa wakala, siku ya kwenda hospitalini au siku ya kura.

Na mashine itasema: jaribu tena.

Yanayompata mama wa Tabaka yanampata pia mkata miwa wa Muhoroni, mchuma chai wa Nandi Hills, mama wa Obunga anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, kijana wa mjengo Nakuru anayeshika simiti kwa mikono mitupu, na mama fua wa Nyalenda. Wote hao wana alama za vidole. Naanza na hilo kwa sababu nimesikia karani akimwambia mtu mzima mbele ya foleni, "Mama, wewe huna alama," na mama akaondoka akiamini kwamba kuna kitu mwilini mwake kimekwisha. Karibu kila mara si kweli.

Tunaposema kidole kimekataa, huwa tunataja kwa jina moja matatizo matatu yasiyofanana. Huenda mashine haikupata picha ya kidole. Huenda ilipata picha nzuri, lakini haikulingana na iliyohifadhiwa. Au picha iliyohifadhiwa ndiyo mbovu tangu siku ya kuandikishwa, na hakuna kidole duniani kitakacholingana nayo. Kila tatizo lina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi jingine. Lakini kwenye mashine nyingi yote matatu hutokeza ujumbe ule ule mwekundu, na lawama yote humwangukia mwenye kidole.

Ngozi ilivyojengwa

Ncha ya kidole ina matuta membamba na mifereji kati yake. Kutoka tuta hadi tuta ni karibu nusu milimita, na kimo cha tuta hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Hicho ndicho kimo kinachopambana na msasa, gunia, jembe na simiti. Mchoro huanza kujitokeza mtoto akiwa tumboni, karibu mwezi wa tatu wa ujauzito, na kufikia mwezi wa sita umeshakamilika. Baada ya hapo kidole kitakua, lakini mpangilio wa matuta hautabadilika.

Mizizi ya mchoro huo haiko juu tunapopaona. Iko chini, pale ngozi ya nje inapokutana na ngozi ya ndani, na ngozi ya nje hujijenga upya kutoka huko kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Daktari Mskoti Henry Faulds, aliyekuwa mmishonari Japani na ambaye mwaka 1880 aliliandikia jarida la Nature kuhusu alama za vidole, alilijaribu jambo hili yeye na wanafunzi wake: walisugua matuta ya vidole vyao mpaka yakaisha, kisha wakasubiri. Matuta yalirudi yale yale, kwa mchoro ule ule. Mama wa msasa wa Tabaka anarudia jaribio hilo kila wiki bila kulitaka. Tofauti ni kwamba yeye hapewi muda wa kusubiri. Kazi inamaliza matuta upesi kuliko mwili unavyoyarudisha. Akipata wiki chache za kupumzika, yatasomeka tena.

Kinachovuruga mchoro moja kwa moja ni jeraha lililozama hadi ngozi ya ndani: panga, moto, mafuta yanayochemka, meno ya mashine. Hapo hubaki kovu, na matuta hayapangiki tena kama zamani. Hata hivyo kovu likishatulia halibadiliki, kwa hiyo huwa sehemu ya alama mpya ya mtu huyo. Tatizo lake ni kwamba rekodi ya zamani haijui kovu hilo, na asipoandikishwa upya atakataliwa kila anapokwenda.

Ngozi ya kiganja ina upekee mwingine: haina tezi za mafuta. Mafuta tunayoyakuta kwenye vidole tumeyatoa usoni, kwenye nywele au kwenye chakula. Unyevu wake wenyewe ni jasho tu, linalotoka kwenye vitundu vidogo vilivyopangwa juu ya matuta. Jasho likipungua, kidole hakina akiba nyingine. Ndiyo maana asubuhi ya baridi Molo, au upepo wa vumbi Nakuru miezi ya Januari na Februari, humfanya mtu akataliwe na mashine iliyompokea vizuri mwezi wa Novemba. Kisumu, kando ya ziwa, shida mara nyingi huwa kinyume: joto na jasho jingi.

Kazi nazo zinatofautiana katika namna zinavyoharibu. Simiti iliyolowa ina ukali wa alkali unaokula ngozi taratibu, na mchanga uliochanganywa nayo humalizia kwa kusugua. Sabuni ya unga na dawa ya madoa humwondolea mama fua hata yale mafuta machache yaliyoshika vidoleni, na ngozi hukauka na kupasuka. Miba na magamba ya samaki hukata michirizi mingi midogo. Maji ya muda mrefu hukunja ncha za vidole. Huko kukunjamana huendeshwa na neva zinazobana mishipa ya damu, na kunavuta matuta kutoka mahali pake pa kawaida, hata kama yenyewe ni mazima. Kwa hiyo mchuma chai aliyetoka shambani kwenye mvua anaweza kuwa na alama safi kabisa zilizohama kidogo, na kuhama huko kunatosha kukataliwa.

Uzee nao hauhitaji kazi yoyote. Ngozi hulegea na kukonda, jasho hupungua, matuta hulala. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu mipango inayopenda zaidi kudai kidole kama uthibitisho kwamba mtu yu hai ni ile ya wazee. Malipo ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, yamepita kwenye mifumo ya benki inayotambua watu kwa vidole. Tumechukua vidole vigumu zaidi kusomeka nchini tukavifanya ufunguo wa pesa za unga.

Magonjwa na dawa nayo yamo. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kuvimbisha na kuchubua viganja mpaka alama zipotee. Mwaka 2009 jarida la Annals of Oncology lilieleza kisa cha mgonjwa kutoka Singapore aliyezuiliwa kwa saa kadhaa alipoingia Marekani kwa sababu vidole vyake havikutoa alama. Wapo pia watu wachache mno duniani, wa familia chache, wanaozaliwa bila matuta kabisa. Mwaka 2011 watafiti walilihusisha hilo na hitilafu kwenye jeni iitwayo SMARCAD1. Hao kweli hawana alama tangu kuzaliwa.

Kioo kinaona nini

Mashine nyingi za mezani hutumia mwanga. Ndani kuna kipande cha kioo chenye pembe, taa chini yake na kamera ndogo upande wa pili. Mwanga hupiga uso wa kioo kwa mshazari, na pasipokuwa na kitu juu yake hurudi wote kuelekea kamera. Tuta la ngozi likigusa kioo, mwanga hupenya hapo ukapotelea kwenye ngozi, na kamera huona giza. Mfereji haugusi, umejaa hewa, kwa hiyo hubaki mweupe. Picha ya alama ya kidole hutokana na tofauti hiyo tu.

Kila kitu basi kinategemea tuta kugusa kioo sawasawa. Kwa macho tunaona kidole kimelala vizuri, lakini ngozi kavu ni ngumu, ina mikwaruzo, na hugusa kwa vinundu huku ikiacha hewa katikati. Unyevu kidogo ungeziba nafasi hizo. Bila unyevu, mstari uliopaswa kuwa mmoja hutoka kama muhuri uliopigwa kwenye wino uliokauka: nukta hapa, nukta pale, na mapengo matupu. Nyufa za ngozi nazo hupitisha michirizi myeupe juu ya mistari. Kidole kilicholowa huleta balaa la upande wa pili. Maji hujaza mifereji, nayo hugeuka nyeusi kama matuta, na kamera huona doa moja.

Simu nyingi hutumia njia nyingine. Chini ya kitufe chake kuna vibamba vidogo vingi vyenye chaji ya umeme, na tuta lililo karibu na kibamba hubadilisha chaji hiyo kuliko mfereji ulio mbali kidogo. Ngozi kavu yenye sugu hukaa katikati kama tabaka lisilopitisha umeme vizuri, na tofauti kati ya tuta na mfereji hufifia. Isitoshe, kihisi cha simu ni kidogo, huona kipande tu cha kidole kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu simu hukuambia uweke na kuondoa kidole mara nyingi unapokisajili, ili ikusanye vipande.

Zipo mashine zinazotazama chini ya ngozi ya juu, kwa mwanga wa rangi mbalimbali unaopenya ngozi au kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, kama yaliyowekwa kwenye simu ya Samsung Galaxy S10 mwaka 2019. Kwa mikono ya kazi, zile za mwanga unaopenya ndizo zenye manufaa makubwa, maana huufuata mchoro pale ambapo msasa haujafika. Ni ghali kuliko za kawaida, na anayeamua kununua ipi si yule anayewekewa kioo mbele.

Nje ya maabara kuna mambo madogo yanayoharibu picha na ambayo hayamo kwenye kidole hata kidogo. Jua la moja kwa moja juu ya kioo huingiza mwanga wa ziada kwenye kamera, na sisi tumezoea kuweka meza ya uandikishaji uwanjani au chini ya hema lililo wazi. Mabaki ya kidole cha mtu aliyetangulia hubaki kwenye kioo na kuchanganyika na kidole chako. Vumbi, mafuta ya mandazi, mkwaruzo wa kitambaa kigumu, vyote hivyo karani asipovipangusa vitahesabiwa kuwa kosa la mteja.

Kinacholinganishwa

Watu wengi hudhani mashine huweka picha mbili juu ya nyingine na kuangalia kama zinafanana. Kwa kawaida haifanyi hivyo. Programu hutafuta mahali tuta linapoishia na mahali tuta linapogawanyika panda, kisha huandika orodha: hapa kuna mwisho, umeelekea huku; pale kuna panda, imeelekea kule. Kidole kizuri hutoa makumi ya vituo vya namna hiyo, na zinazolinganishwa ni orodha mbili.

Sasa rudi kwenye kidole kikavu. Tuta moja likikatika mara tano kwa sababu ya ukavu, linazaa miisho kumi ambayo haipo kidoleni. Ufa unaokata matuta manane huzaa safu nzima ya miisho bandia. Wakati huo huo vituo vya kweli vimepotea kwenye sehemu zilizolainika. Programu hujitahidi kuunganisha mistari iliyokatika, na nyingine hufanya hivyo vizuri, lakini uwezo wake una mpaka. Kipimo kinachotumika sana ni nukta 500 kwa inchi, maana yake kutoka tuta hadi tuta kamera ina nukta kama 10 tu za kufanyia kazi. Mfereji uliofukiwa na unga wa jiwe unaweza kutoweka ndani ya nukta hizo.

Baada ya kulinganisha, programu hutoa alama za ufanano, tuseme namba fulani. Namba hiyo peke yake haisemi ndiyo wala hapana. Kuna kiwango kilichowekwa na mtu: ukikifikia unapita, usipokifikia unakataliwa. Kikiinuliwa, wezi wengi hukwama na wenye haki wengi hukwama pia. Kikishushwa, wenye haki hupita na mgeni mmoja mmoja hupita nao. Hakuna mashine iliyofuta makosa ya pande zote mbili. Kwa hiyo mama anapokataliwa pale dirishani, amekutana na uamuzi uliofanywa ofisini na watu wasiomjua, kuhusu ni wangapi kama yeye wanaoweza kuachwa nje ili mfumo uonekane salama.

Kiwango hicho hutegemea pia swali linaloulizwa. Ukija na kitambulisho, mashine huulizwa kama kidole hiki ni cha mwenye namba hii, na hulinganisha na rekodi moja. Ukija na kidole kitupu, huulizwa huyu ni nani kati ya wote, na kila rekodi inayoongezeka huongeza nafasi ya kukufananisha na mwingine, hivyo kiwango lazima kikazwe. Mashine za KIEMS, zinazotumiwa na tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, kuwatambua wapiga kura, hutafuta ndani ya daftari la mahali ulipoandikishwa, na kituo kimoja cha kupigia kura kimekuwa na wapiga kura wasiozidi 700. Kazi hiyo ni nyepesi kuliko kutafuta mtu mmoja katika nchi nzima. Kumwomba mzee kitambulisho kwanza, kisha kidole, hugeuza swali gumu kuwa jepesi. Ni jambo dogo, na linashangaza jinsi linavyosahauliwa.

Lakini kama ningeruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu katika mfumo mzima, ningerekebisha siku ya kuandikishwa. Picha inayochukuliwa siku hiyo ndiyo itakayohojiwa miaka yote ijayo. Ikichukuliwa vibaya, kila ziara baada yake ni mtihani ambao majibu yake yalikosewa kabla mwanafunzi hajaingia. Na huchukuliwaje? Foleni ni ndefu, betri inaisha, mvua inanyesha juu ya mabati, na karani ana shabaha ya watu aliyopewa. Nakuru, kwenye kibanda kimoja cha wakala, nilimtazama bibi mmoja akiwekwa kwenye mfumo. Kijana wa dukani alikuwa na adabu yote. "Shosho, bonyeza. Bonyeza zaidi. Haya, jaribu kile kingine." Bibi alibonyeza mpaka kucha ikawa nyeupe. Kioo hakikupanguswa hata mara moja. Gumba la kulia, lililoshika jembe maisha yake yote, ndilo lililosumbuliwa, na mwishowe programu ilipopokea kitu, kijana alishusha pumzi akabonyeza hifadhi. Alidhani amemsaidia. Alichohifadhi ni kidole kilichobonyezwa mpaka matuta yakalala, kutoka kwenye gumba lililochakaa kuliko vidole vyote kumi.

Hilo lingezuilika. Tangu mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imetoa bure programu inayopima ubora wa picha ya kidole, kwanza kwa daraja 1 hadi 5, na baadaye kwa kipimo cha 0 hadi 100. Ofisi inayoitumia inaweza kukataa picha mbovu papo hapo, ikapima vidole vyote na kuhifadhi vile viwili au vitatu vinavyosomeka vizuri. India, ambayo mfumo wake wa Aadhaar umeandikisha zaidi ya watu bilioni moja, ilichukua vidole vyote kumi, mboni za macho yote mawili na picha ya uso, na ikatengeneza utaratibu wa kumtafutia kila mtu kidole chake bora. Hata hivyo bado wapo waliokosa mgao wao wa chakula kwa sababu ya vidole. Kwa hiyo hata mfumo uliojiandaa hivyo unahitaji mlango wa pembeni.

Wino ulikuwa na subira

Huku kwetu kidole cha kibarua kimekuwa kwenye karatasi za serikali kwa zaidi ya karne moja. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume alibeba kipande chenye alama ya kidole, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Mkutano wa Lundha, Gem, Desemba 1921, ule wa Piny Owacho, vuguvugu la kudai haki kwa serikali ya kikoloni, ulikuwa na kipande kati ya malalamiko yake. Sikitaji kipande kwa kukitamani. Kilikuwa chombo cha kumfunga mtu kwa mwajiri. Nakitaja kwa sababu mikono ile ilikuwa ya shamba na reli, na bado ilichukuliwa alama. Kidole kikipakwa wino na kubiringishwa kutoka ukucha hadi ukucha hutoa eneo kubwa kuliko kile kinachobonyezwa kwenye kioo, na anayeutazama wino ni jicho la binadamu linaloweza kuruka ufa na kufuata mstari upande wa pili.

Sheria ya Usajili wa Watu, ile tunayopatia vitambulisho, ilimfikiria hata asiye na vidole: kifungu chake cha 5 kinaruhusu alama za kiganja au za vidole vya miguu. Walioandika kifungu hicho walikubali kwamba miili haifanani. Mifumo mingi iliyokuja na kompyuta imeanza na dhana kwamba inafanana.

Unachoweza kufanya kabla ya kufika dirishani

Ikiwa una siku chache mbele yako, paka mikono mafuta mazito kila usiku, gliserini au yoyote unayotumia, na vaa glavu pale kazi inaporuhusu. Siku yenyewe, nawa kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, paka mafuta kidogo sana, subiri dakika chache kisha pangusa yanayong'aa. Epuka sanitaiza mlangoni. Spiriti iliyomo hukausha ngozi, na wengi hukataliwa muda mfupi tu baada ya kuipaka. Kama huna mafuta, pumulia kidole pumzi ya moto kabla ya kukiweka. Kama mikono imelowa au ina jasho, kausha kwanza. Weka kidole bapa, sehemu ya kati ya ncha na si kwenye ukucha, kwa uzito wa wastani.

Chagua kidole ambacho kazi haikukipata. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kidole cha pete au cha kati cha mkono wa kushoto mara nyingi kina matuta mazima wakati gumba na shahada vya kulia vimekwisha. Hili linasaidia tu ikiwa kidole hicho kimesajiliwa, kwa hiyo muulize karani ni vidole vipi vilivyomo kwenye rekodi yako. Na kwa simu, sajili kidole kile kile mara mbili, mara moja kikiwa safi na mara nyingine jioni baada ya kazi, kikiwa katika hali kinayoishi nayo.

Karani naye ana yake: apanguse kioo kila baada ya mtu, aweke meza kivulini, asimwambie mtu abonyeze mpaka ukucha uwe mweupe, na ajaribu vidole vingine kabla ya kurudia kile kile.

Mashine ikikataa kabisa

Kuna mahali sheria yetu imelitazama jambo hili moja kwa moja. Kwenye uchaguzi, mashine ikishindwa kumtambua mpiga kura, kanuni zinamtaka msimamizi wa kituo awaite mawakala wa wagombea washuhudie, ajaze Fomu 32A, kisha mtu huyo atambuliwe kwenye daftari lililochapishwa. Harudishwi nyumbani. Tarehe 9 Agosti 2022 mashine zenyewe zilipogoma, IEBC iliruhusu daftari la karatasi katika vituo 238 vya Kakamega na Makueni, na watu wakapiga kura.

Kwenye pesa na matibabu njia haijanyooka hivyo. Hospitali zimeanza kutumia vidole kumtambua mwanachama wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na mgonjwa aliyelala na dripu mkononi hana hali ya kwenda kupaka gliserini wiki nzima. Mahakama Kuu, katika hukumu ya tarehe 30 Januari 2020 kuhusu Huduma Namba, mfumo wa kumsajili kila mkazi kwa namba moja, ilikubali kwamba wapo watu wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati au alama za vidole zinazosomeka, na kwamba zinahitajika kanuni zilizo wazi kuhusu hilo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Na Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapoathiri haki zake.

Kwa hiyo ukikataliwa, usikubali kuondoka na maneno matupu ya "mtandao" au "huna alama". Omba utambulishwe kwa kitambulisho na maswali, au kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu. Wakikataa, omba kijikaratasi chenye tarehe, jina la ofisi na vidole vilivyojaribiwa, na kinachosema ni lipi kati ya yale matatu lililotokea: picha haikupatikana, picha haikulingana, au rekodi haifai. Kama ni la kwanza, rudi baada ya kuitunza mikono. Kama ni la pili, omba vidole vingine vijaribiwe na kitambulisho kitangulie. Kama ni la tatu, mafuta hayatasaidia. Omba kuandikishwa upya, kwa vidole vyote kumi, na usitoke mpaka uone kidole chako kimesomwa mara moja kutoka kwenye rekodi hiyo mpya.